Jinsi ya kuwasomea vibarua wa Lamu hadithi ya George na Lennie: mwongozo kamili

Kitabu cha John Steinbeck kiitwacho Of Mice and Men kilitoka mwaka 1937. Habari zake ni za California: wanaume wawili, George na Lennie, wanahama shamba hadi shamba wakitafuta kibarua, blanketi zao mgongoni, na mazungumzo yao kila jioni ni yale yale, kipande cha ardhi watakachonunua siku moja. Ni kitabu chembamba. Kina sura sita tu, na yote yanatokea kati ya Alhamisi jioni na Jumapili jioni. Wengi hukutana nacho darasani, wakakariri dhamira na wahusika kwa ajili ya mtihani, kisha wakakisahau. Mimi naona mahali pake hasa ni pale wanapokaa watu wanaoishi maisha hayo: wachonga mawe wa Manda Maweni, kijiji cha machimbo kisiwani Manda, mahamali wa jeti, saidia fundi wanaopandisha mchanga kwenye vichochoro vya Mkomani na Langoni, mitaa ya mji wa Lamu, mabaharia wa majahazi, wakataji mikoko. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuwasomea.

Kabla ya hatua zenyewe, niseme ninachokiamini, kwa sababu hatua zote zinaelekea huko. Hadithi hii hufundishwa kana kwamba inamwambia maskini asiote. Sikubali. Ndoto ya George na Lennie haikuwa ndoto ya Alinacha. Ilikuwa na bei, ilikuwa na hesabu, na hesabu yenyewe ilikaribia kabisa kutimia. Kilichovunjika kilikuwa kitu kingine, na kazi yako ni kuwafikisha wasikilizaji mahali ambapo watakiona kwa macho yao bila wewe kuwatajia.

Hatua ya kwanza: kisome mpaka uweze kukisimulia

Usiende barazani na kitabu ulichokipitia mara moja. Unaowaendea wametoka kazini, mikono inawauma, na ukianza kupapasa kurasa utawapoteza. Soma mara ya kwanza kwa raha yako. Mara ya pili tia alama. Mara ya tatu, ukimaliza kila sura funga kitabu, ujisimulie kwa sauti. Ukikwama, rudi.

Vibarua wa kitabuni wanazungumza Kiingereza cha mashambani, kilichokatwakatwa. Ukikifuata sentensi kwa sentensi utachoka wewe na watachoka wao. Simulia mwendo wa kisa kwa maneno yako, na penye mabishano toa sauti mbili, kama vile ungemwigiza jirani yako na mkewe wakigombana. Kama wewe ni mzaliwa wa Amu, yaani Lamu yenyewe, na wasikilizaji wako ni wa Amu, simulia kwa Kiamu chenu. Ukiwa Manda Maweni, ambako wachonga mawe wengi walikuja kutoka magharibi mwa Kenya na kwingineko bara, tumia Kiswahili kinachowakutanisha wote.

Kama Kiingereza chako ni kizito, mtafute kijana aliyemaliza kidato cha nne miaka ya karibuni. Baadhi yao walimsoma Steinbeck shuleni kupitia The Pearl, kisa cha Kino mzamia lulu, kwa hiyo namna yake ya kuandika wanaifahamu. Mkae wawili, yeye asome, wewe usimulie.

Kuhusu mwandishi, maneno machache yanatosha: alizaliwa Salinas, California, mwaka 1902, akiwa kijana alifanya kazi mashambani na watu wa aina hii, mwaka 1962 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Kuhusu wakati, wanachohitaji kujua ni kwamba mwaka 1929 uchumi wa Marekani uliporomoka, na kufikia 1933 karibu mfanyakazi mmoja kati ya wanne hakuwa na kazi. Basi. Ukiendelea zaidi ya hapo umegeuza baraza kuwa darasa.

Hatua ya pili: watu, mahali na saa

Watu wanane wanatosha. Kumi na wawili ni wengi. Mzungumze kwanza na mzee wa kijiji au yule anayeheshimiwa kazini, umweleze ni kitabu gani na kwa nini, na umwambie waziwazi kwamba hakuna malipo, hakuna mradi, hakuna fomu ya kutia saini. Lamu imeona watu wengi wakija na kalamu na kuondoka. Usipige picha wala usirekodi sauti.

Kama wasikilizaji wako wako Manda, wewe ndiye uvuke. Usiwaite mjini watu waliopiga kokoto tangu alfajiri, halafu walipe nauli ya boti na wahangaike na maji kupwa. Mjini, daka la nyumba ya zamani au baraza lolote lenye kivuli na upepo linafaa. Saa nzuri ni baada ya Isha. Mwezi wa Ramadhani uache, au usome baada ya Tarawehe kwa wale wanaotaka wenyewe. Siku ya malipo usiende kabisa: kila mtu ana deni la kulipa na mtu wa kumtumia pesa nyumbani.

Jambo la wanawake lisikupite. Kwenye machimbo wanawake nao hupiga kokoto, na kitabu hiki ni cha wanaume karibu peke yao. Kama desturi ya pale inaruhusu kukaa pamoja, kaeni pamoja. Kama hairuhusu, tafuta mwanamke asimulie kwa wanawake, naye apewe muda ule ule na heshima ile ile. Watakayoyasema kuhusu mke wa Curley, mwanamke wa kitabuni utakayekutana naye hatua ya nne, hutayasikia kwa wanaume.

Panga vikao sita, kila sura kikao chake, na cha saba cha mazungumzo. Saa moja inatosha. Chai ya tangawizi na mahamri ni gharama yako wewe.

Hatua ya tatu: kikao cha mto

Sura ya kwanza ndiyo inayobeba kitabu kizima, kwa hiyo usiikimbilie. George Milton ni mdogo wa mwili na mwepesi wa akili. Lennie Small ni pandikizi la mtu, mwenye nguvu za kutisha na akili ya mtoto. Wameteremshwa na basi mbali na shamba, wametembea juani, sasa wamefika kando ya mto karibu na mji wa Soledad na wanalala hapo, ingawa shambani kuna kitanda na chakula. George anataka usiku mmoja wa uhuru kabla ya kuanza kubeba magunia. Mtu yeyote aliyewahi kuanza kibarua kipya siku ya pili yake atauelewa usiku huo.

Lennie ana panya mfukoni. Amekufa. Anapenda kushika vitu laini, na mkono wake haujui kipimo. Simulia hili polepole, kwa sababu ndilo litakalorudi: panya kwanza, kisha mtoto wa mbwa, kisha mtu. Kule Weed walikotoka, Lennie alishika gauni la msichana kwa kulipenda, msichana akapiga kelele, na wao wawili wakakimbia usiku. George anamkaripia, anamwambia angeishi raha kama asingekuwa naye. Kisha anajuta. Ndipo Lennie anapomwomba amsimulie tena habari ya shamba lao.

Hapa sisi watu wa pwani tuna bahati ambayo msomaji wa darasani hana. George anasimulia na Lennie anapokea, kama mghani na waitikiaji wake: maneno anayajua kwa moyo, na pale George anaponyamaza yeye anamalizia. Ardhi kidogo, nyumba, ng'ombe, nguruwe, kuku, majani ya kuwalishia sungura, na Lennie ndiye atakayewahudumia sungura. Wafundishe wasikilizaji kiitikio hicho kwa maneno yenu wenyewe, wakipokee pamoja. Mtu aliyezoea kuitikia kwenye Maulidi au kwenye nyimbo za kuvuta jahazi pwani hahitaji kuelezwa mara mbili. Kiitikio hicho mtakirudia kikao cha tatu, cha nne, na cha mwisho, na cha mwisho kitawaumiza kwa sababu midomo yao wenyewe imekizoea.

Nguruwe mtaje. Wasikilizaji Waislamu watacheka au watakunja uso, kisha watauliza kama sisi tungeweka mbuzi. Naam. Waache waliweke shamba sawa kwa namna yao. Hapo tayari wameanza kuota pamoja na hao wawili.

Swali la kufungia kikao ni moja tu: mwenzako wa kazi ukimwona anakuharibia kibarua kila mahali, ungemwacha? Usidai jibu.

Hatua ya nne: bweni, tena kwa haraka

Sura ya pili ni ya kuingiza wahusika, na kwa kusikiliza ni ndefu. Ifupishe. Hakikisha wamemjua Candy, mzee mfagizi aliyekatika mkono kazini. Curley, mtoto wa bosi, bondia anayetafuta ugomvi na watu wakubwa kuliko yeye. Mke wa Curley, ambaye kitabu kizima hakimpi jina. Na Slim, dereva wa nyumbu ambaye neno lake linaheshimiwa kuliko la bosi.

Mahali pamoja pasikupite: bosi anamshuku George kwa sababu anamsemea Lennie. Haamini kwamba mtu anaweza kumhangaikia mwenzake bila kumla mshahara wake. George anadanganya kwamba ni binamu yake. Waulize wasikilizaji kama na wao wamewahi kumwita mtu ndugu mbele ya mwajiri ili wapewe kazi pamoja. Utapata hadithi nyingi, na hapo acha chai imiminwe.

Hatua ya tano: mbwa, punda na bei ya mkono

Sura ya tatu ipe muda kamili, hata ukilazimika kuigawa mara mbili.

Candy ana mbwa mzee, kipofu, ananuka. Wenzake wamechoka naye. Carlson, kibarua mwenzao, anamtoa nje na kumpiga risasi, na Candy amelala chali akitazama dari akisubiri mlio. Baadaye anamwambia George kwamba ilimpasa amuue mwenyewe, asimwachie mgeni. Kikao cha mwisho kinategemea maneno hayo, basi yaseme vizuri.

Katika mji wetu wengi hawafugi mbwa, na kisa chake kinaweza kupita bila kugusa mtu. Usimgeuze mbwa kuwa mnyama mwingine. Hadithi ni ya Steinbeck na mbwa ni wake. Maliza kusimulia, kisha uliza kuhusu punda. Lamu mawe, saruji, mchanga na maji vimepanda vichochoroni kwa mgongo wa punda tangu hapo, na mji una hata hospitali ya punda. Punda akizeeka asiweze tena kubeba, huenda wapi? Nani humlisha? Nimeona wachukuzi wakinyamaza kwenye swali hilo, kisha mmoja akaanza kusema habari za baba yake. Candy naye anawaza vivyo hivyo: akishindwa kufagia atafukuzwa, na hana pa kwenda.

Ndipo anaposikia George na Lennie wakisema shamba lao, na anawaambia ana pesa. Toa ubao au kipande cha boksi, uandike hesabu hii mbele yao, kwa dola kama ilivyo kitabuni.

Bei ya shamba la ekari kumi analolijua George: 600.
Candy: 250 alizolipwa kwa kukatika mkono, 50 alizoweka benki, na 50 za mshahara wa mwezi huo. Jumla 350.
George na Lennie wakifanya kazi mwezi mmoja bila kutumia: 100.
Jumla ya wote watatu: 450.
Zinazopungua: 150.

Sasa wape kalamu. Kila mmoja analipwa 50 kwa mwezi, pamoja na chakula na malazi. Wako watatu. Zile 150 ni mshahara wa miezi mingapi? Mtu atakayepata jibu kwanza atalitamka kwa sauti kubwa, kwa sababu ni mwezi mmoja tu. Mwezi mmoja zaidi ya ule waliokwisha kuuhesabu, wote watatu wakibana matumizi, na shamba ni lao. Waache wakae na jambo hilo.

Kisha warudishe kwenye zile 250. Ukigawanya kwa mshahara wa 50, mkono wa Candy ulilipwa miezi mitano. Hapa ndipo mtu atakapokuonyesha kidole kilichopondwa na jiwe au jicho lililoingia kipande cha tindo, nawe uwe tayari na la kumwambia. Kenya ina Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Inamwajibisha mwajiri kumlipa fidia mfanyakazi aliyeumia akiwa kazini, na kwa ulemavu kamili wa kudumu kipimo chake ni mapato ya miezi 96. Kiungo kimoja hulipwa kwa asilimia ya hapo. Madai hupitia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo nayo inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kiasi cha kutimiza mwezi huhesabiwa kuwa wa mkataba wa mwezi, na akifikisha miezi miwili mfululizo anastahili masharti sawa na asiyekuwa kibarua. Ugumu uko kwenye ushahidi: watu wengi hulipwa mkononi, bila karatasi. Washauri waandike tarehe, mahali, jina la msimamizi na malipo kwenye daftari au simu, na mtu akiumia aende hospitali siku hiyo hiyo, atunze karatasi zake, na awe na mwenzake aliyeona. Usijifanye wakili. Kesi ya kweli ikijitokeza, mpeleke mtu huyo ofisi ya kazi.

Sura haijaisha. George anawaambia wenzake wasimwambie mtu yeyote habari za shamba, kwa sababu wakijulikana wanaweza kufukuzwa. Piga mstari chini ya neno hilo. Ndoto imepata watu watatu na papo hapo imegeuka siri.

Hatua ya sita: chumba cha Crooks

Kwangu mimi sura ya nne ndiyo iliyoandikwa kwa ustadi kuliko zote, na kwa vibarua waliokuja Lamu kama wageni ndiyo inayofika mbali zaidi. Crooks ni mtu mweusi, mhudumu wa farasi, mgongo wake umepinda. Haruhusiwi kulala bwenini na wenzake. Analala peke yake kando ya zizi. Ana vitabu, na kimojawapo ni nakala iliyochakaa ya sheria za California ya mwaka 1905. Sheria anayo kitandani, na bado hana mtu wa kucheza naye karata.

Kitabu kinamwita kwa tusi la rangi mara nyingi. Usilitamke. Sema tu kwamba wamemtukana rangi yake, wataelewa, na waambie kwamba Steinbeck aliliandika kwa sababu ndivyo alivyoitwa mtu kama huyo mahali kama hapo.

Jumamosi usiku wengine wamekwenda mjini. Lennie anaingia kwa Crooks, kisha Candy. Wachache wa mwisho kuachwa shambani ni mlemavu wa akili, mzee asiye na mkono, na mweusi. Crooks anacheka: amewaona mamia wakipita na shamba vichwani, hakuna hata mmoja aliyelipata. Candy anamwambia pesa zipo. Crooks ananyamaza, kisha, kwa sauti ya chini, anauliza kama wangemchukua na yeye. Angefanya kazi bure, kwa chakula tu. Sema sehemu hii bila haraka. Hakuna pengine katika kitabu ambapo watu wanne wako karibu hivyo kuwa kitu kimoja.

Kisha anaingia mke wa Curley. Anapojibiwa vibaya anamgeukia Crooks na kumkumbusha kwamba neno lake moja linaweza kumfanya anyongwe juu ya mti. Crooks anajikunja, na baadaye anamwambia Candy asahau aliyoyasema, hakuwa na nia. Ombi lake limedumu dakika chache.

Waulize: nani aliyemfukuza Crooks kwenye shamba lile? Wengine watasema mwanamke. Wengine watasema bosi, ambaye hata hayumo chumbani. Kwenye kikao cha wanawake lazima mtu aseme kwamba hata yule mwanamke alikuwa peke yake, ameolewa na mtu asiyezungumza naye, na kwamba aliyeonewa alitafuta wa chini yake amwonee. Usihukumu. Wageni na wenyeji wakikaa baraza moja, kama ilivyo Lamu, swali la nani anaruhusiwa kuota ardhi na nani hapana halitakaa kitabuni peke yake. Litaingia skimu za makazi, litaingia uskwota, litaingia bandari ya Kililana iliyoanza kupokea meli mwaka 2021. Acha lisemwe, weka kanuni moja tu: kila mtu aseme yaliyompata yeye, asiseme ya kabila zima.

Hatua ya saba: zizi na mto

Sura ya tano na ya sita zisomwe usiku mmoja kama mnaweza, kwa sababu si vizuri kuwaacha watu wiki nzima katikati. Tangulia kuwaambia kwamba watu watakufa. Huenda kati yao yuko mwenye mtoto au ndugu kama Lennie, na hastahili kushtukizwa.

Lennie ameua mtoto wa mbwa kwa kumchezea. Mke wa Curley anaingia, anamsimulia ndoto yake mwenyewe, kuigiza filamu, kisha anamruhusu ashike nywele zake. Anaogopa, anapiga kelele, Lennie anamziba mdomo, anamtikisa, shingo inavunjika. Simulia kwa sentensi fupi na uende mbele.

Lennie anakimbilia mtoni, na Curley anamsaka amwue. George anamkuta kabla ya Curley na bunduki yake. Lennie anaomba hadithi ya shamba. George anaianza, Lennie anapokea. Wasikilizaji nao watapokea, kwa mazoea. Acha wapokee. George anampiga risasi kisogoni.

Usieleze chochote mara moja. Kutakuwa na kimya, kisha mabishano: kama ni rehema, kama ni dhambi, kama angeweza kumficha. Waislamu na Wakristo watakuwa na la kusema kuhusu nafsi na nani mwenye haki ya kuitoa, na usemi wao usikilizwe wote. Mkumbushe mtu atakayesahau maneno ya Candy juu ya mbwa wake.

Watu wakitulia, chukua tena kile kipande cha boksi. Candy yu hai na 350 zake ni zake. Mshahara wa George wa mwezi unakuja, 50. Jumla 400. Zinapungua 200, na wao wawili kwa pamoja hupata 100 kwa mwezi. Miezi miwili baada ya hapo. Candy mwenyewe, mbele ya maiti ya yule mwanamke, anamwuliza George kama wao wawili bado wanaweza kulipata shamba, na tayari anajua jibu. Uliza basi: pesa zipo, shamba lipo, mbona ndoto imekwisha?

Nyamaza kabisa. Hili ndilo swali uliloanza safari kwa ajili yake. Jibu watalitoa wao, kila mtu kwa namna yake, na mara nyingi hulitoa yule ambaye vikao vyote hakusema neno.

Hatua ya nane: ndoto zao, kwa bei zake

Kikao cha saba si cha kitabu. Kila anayetaka aseme jambo analoliwekea pesa au angeliwekea: hisa kwenye mashua, punda wawili, kiwanja kule Hindi au Mpeketoni, bara ya kaunti yetu, mashine ya kushonea, nauli ya kurudi nyumbani na mbuzi wa kuanzia. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Kila ndoto iandikwe kwa mistari ile ile ya hesabu ya Candy: bei yake leo, kilichopo, kinachoingia kwa mwezi, kinachopungua, na jina la mtu mwingine aliyemo. Mstari huo wa mwisho ndio wengi watauacha wazi. Usiwajazie.

Pakiwa na watu wanaotaka kuendelea, mchezo wa kupeana zamu mnaujua wote, na unafaa kwa vitu vidogo. Kwa kitu kikubwa, kikundi kiandikishwe: sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua kumi. Pesa zisikae kwenye simu ya mtu mmoja hata awe mwaminifu namna gani; afe au apoteze laini, mtagombana na warithi wake. Kwa ardhi, msilipe hata shilingi kabla ya kupekua kwenye ofisi ya ardhi na kuwauliza majirani wa kiwanja chenyewe. Katika kaunti hii barua ya ugawaji na hati si kitu kimoja.

Hatua ya tisa: kitabu kinachofuata

Wakidai kingine, wapelekee Kuli cha Adam Shafi, kilichotoka 1979. Kimeandikwa kwa Kiswahili, kinahusu makuli wa bandari ya Unguja, na mgomo wao wa 1948 umo. Hapo wasikilizaji wataona lile ambalo watu wa Soledad hawakulifanya: siri ya watu watatu inakuwa sauti ya bandari nzima, na gharama yake nayo inaonekana. Wazee wa pwani wenye kumbukumbu watakuongezea habari za mgomo wa Mombasa wa 1947. Baada ya hicho, Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, cha mtu aliyeacha kazi ya mjini akaenda kulima. Hicho ni chepesi, na baada ya vifo vyote hivyo watakuwa wamekihitaji.

Jambo la mwisho ni la kawaida sana kwa kazi hii: vibarua huhama. Kikao cha nne mtu hayupo, amepata kazi Mokowe au amerudi kwao. Chukua namba yake mapema, kwa ridhaa yake, na vikao vikiisha mpigie jioni umsimulie sura alizokosa, moja kila simu. Salio ni lako. Mwulize kwanza kama amekaa peke yake au ana wenzake karibu, na kama wapo, mwambie aweke simu sauti ya juu.